CX-5 ya dizeli inayotembea kidogo: oili inapanda, taa ya DPF inawaka

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina Mazda CX-5 ya dizeli ya 2014, imetoka Japani ikiwa na kilomita 62,000. Nakaa Mbezi Beach, kazini ni Mikocheni, na kwa mwezi sivuki kilomita 400. Ndani ya miezi sita taa ya DPF (chujio la masizi kwenye njia ya moshi) imeshawaka mara mbili, na nikipima oili naiona imepanda wakati sijaongeza hata tone. Fundi mmoja ananiambia gari linalotembea kidogo halina shida, mwingine anataka DPF ikatwe. Nifanye nini injini ibaki safi?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na hiyo oili, maana ndiyo yenye haraka. Paki gari mahali tambarare, liache usiku kucha, asubuhi kabla hujawasha chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, itoe tena. Kwenye injini hii ya SkyActiv-D utaona alama ya chini, alama ya kujaa, na juu yake kuna herufi X. Mazda waliweka hiyo X makusudi, kwa sababu walijua dizeli itaingia kwenye oili na kuipandisha. Kama oili imekaribia X au imeipita, usikubali kwenda nalo safari ndefu ya "kuchoma DPF". Mwaga oili kwanza. Oili iliyojaa kupita kiasi inaweza kuvutwa kupitia njia ya kupumulia ya injini ikaingia kwenye hewa inayokwenda kwenye silinda. Hapo injini ya dizeli huichoma kama mafuta yake ya kawaida, resi zinapanda zenyewe, na hata ukibonyeza kitufe cha kuzima haizimi.

Hata isipofika huko, oili yenye dizeli ni nyepesi mno. Haishiki vizuri kwenye beringi za kranki wala kwenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), na injini hii ya lita 2.2 ina tabo mbili, ndogo na kubwa, zote zinategemea oili hiyohiyo.

Dizeli inafikaje huko chini? DPF ni chujio lililoko kwenye njia ya moshi, kazi yake ni kunasa masizi. Likianza kujaa, kompyuta ya gari inaamuru nozeli zipulize dizeli kidogo kwa kuchelewa, baada ya mlipuko wa kawaida kwisha. Dizeli hiyo haitoi nguvu. Inatoka na moshi, inaungua kwenye katalisti iliyo mbele ya DPF, na joto linapanda hadi karibu nyuzi 600. Kwa joto hilo masizi yanageuka gesi na kutoka. Ila si dizeli yote inayotoka. Nyingine inabaki kwenye kuta za silinda, ringi zinaikwangua, inashuka kwenye oili. Petroli ikiingia kwenye oili huvukizwa injini ikipata moto, lakini sehemu kubwa ya dizeli huchemka kati ya nyuzi 180 na 360, na oili yako haifiki huko. Ikishaingia, imeingia.

Kila zoezi la kuchoma likikamilika, hasara hiyo ni ndogo na imehesabiwa. Tatizo ni zoezi linalokatwa. Gari linaanza kujichoma ukiwa Kawe, unazima Mikocheni. Dizeli imeshamwagwa, masizi yako palepale. Jioni linaanza upya, unazima nyumbani. Oili yako imepanda hivyo, na taa imewaka kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo fundi wa kwanza amekosea. Kinachochafua dizeli ya kisasa si kilomita, ni kutopata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha. SkyActiv-D imejengwa kwa mgandamizo wa 14 kwa 1, mdogo kwa dizeli. Faida yake ni kupunguza oksidi za naitrojeni bila kuhitaji AdBlue, kile kimiminika cha urea cha kusafishia moshi (akitokea mtu wa kukuuzia AdBlue kwa gari hili, hakuna hata pa kuitia). Gharama yake ni kwamba injini ikiwa baridi inaunguza vibaya zaidi kuliko dizeli ya zamani yenye mgandamizo mkubwa. Na hizo kilomita 62,000 zisikupe raha sana. Gari la Japani lenye kilomita chache, hata kama mita haikuchezewa, mara nyingi ni gari lililokuwa likipeleka watoto shule na kwenda sokoni: safari fupi, kila siku, pamoja na majira ya baridi. Huenda ulinunua masizi ya mtu mwingine, na yako umeyaongeza juu yake.

Sasa oili yenyewe. Inaingia takriban lita 5 pamoja na filta. Usijaze mpaka alama ya juu. Ikifika robo tatu kati ya alama mbili inatosha, ubakishe nafasi ya dizeli itakayoingia. Kwa matumizi yako badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Kwa mwendo wa kilomita 400 kwa mwezi, miezi sita itatangulia siku zote: utakuwa unamwaga oili iliyotembea kilomita 2,400 tu, bila kuhesabu safari za Jumapili nitakazokueleza, na fundi atakushangaa. Mwache ashangae. Baada ya kumwaga, kompyuta lazima ielezwe kwamba oili ni mpya, kwa sababu yenyewe inapiga hesabu ya dizeli iliyoingia. Isiporesetiwa itaendelea na hesabu ya zamani na kukuwashia taa bure. Kitabu kilichokuja na gari ni cha Kijapani, lakini CX-5 ya dizeli iliuzwa pia Australia kwa usukani wa kulia, na kitabu cha Kiingereza cha soko hilo kinaeleza hatua za kureseti.

Aina ya oili ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi mitaani. Ukisema "oili ya dizeli" dukani unapewa 15W-40 ya daraja la CF-4 au CI-4, ileile ya Canter. Ni oili nzuri kwa Canter. Kwako ni sumu ya polepole, kwa sababu ya majivu. Kila injini inakula oili kidogo, na oili ikiungua viungo vyake vya madini, kama kalsiamu na zinki, vinaacha majivu ndani ya DPF. Masizi yanaungua, majivu hayaungui kamwe, yanakaa mpaka chujio livuliwe. Chukua kopo la oili usome nyuma: unatafuta JASO DL-1, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.6, au ACEA C3, isiyozidi 0.8. Nyingi za zile za malori ziko zaidi ya asilimia 1. Lita moja ya oili ina gramu 850 hivi. Ikiungua yote, ya C3 inaacha kama gramu 7 za majivu, ya asilimia 1.5 inaacha karibu 13. Uzito wa 5W-30 unafaa hali ya hewa ya Dar. Jina la kampuni halina uzito kama hizo herufi za nyuma ya kopo, na kama hazipo, rudisha kopo mezani.

Kabla hujamlaumu DPF, kagua themostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupozea injini. Hapa kwetu kuna mazoea ya kuing'oa "kwa sababu nchi ni ya joto". Gari lisilo na themostati, au lenye themostati iliyokwama wazi, linatembea na maji ya nyuzi 60 na kitu barabarani, na kompyuta haitakubali kuanza kuchoma, au itaanza na kukata. CX-5 yako haina mshale wa joto, ina taa ya buluu tu inayozimika injini ikipata uvuguvugu, kwa hiyo huwezi kulijua hili kwa macho. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kichomeke chini ya usukani, soma joto la maji kwenye simu. Baada ya dakika 15 za kuendesha linatakiwa liwe zaidi ya 80 na litulie hapo. Likipanda kwenye foleni na kushuka sana ukipata barabara wazi, themostati imekufa au haipo. Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja, na bei yake hailingani hata kidogo na ya DPF.

Ukiwa umeshamwaga oili na themostati ni nzima, sasa nenda safari. Mara moja kwa wiki inatosha. Kwa mkazi wa Mbezi Beach njia ni rahisi: Jumapili asubuhi na mapema, elekea Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 80. Watu wanadhani lazima ukimbize 120, kisha wanapigwa tochi Mapinga. Si lazima. Kitabu cha Mazda chenyewe, taa ya DPF ikiwaka, kinataka uendeshe kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa au zaidi kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Unachohitaji ni mzigo wa kudumu kwenye injini bila kusimamasimama. Ukiacha gia ijichagulie, kwenye 80 gari liko gia ya sita na mzunguko ni 1,500 tu, moshi umepoa. Ukipita Bunju barabara ikifunguka, sogeza gia kwenye M, shikilia ya nne kwenye kasi ya 70: mzunguko unakuwa 2,000 na kidogo. Kaa hapo dakika 20 hadi 25. Kwenye vibao vya 50 shusha hadi gia ya tatu. Mzunguko hautashuka sana na joto litabaki.

Jifunze pia kujua linapojichoma, kwa sababu Mazda hawakuweka taa ya kukuambia kwamba zoezi limeanza. Ile taa ya DPF inawaka pale tu gari limeshindwa lenyewe. Dalili zipo. i-stop inagoma kuzima injini kwenye taa za barabarani wakati siku zote huzima. Sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda kidogo. Ile namba ya matumizi ya papohapo inakuwa mbaya ghafla bila mlima. Ukishuka unasikia feni inanguruma kwa nguvu na kuna harufu ya chuma cha moto. Ukiona dalili hizo na umebakiza mita 200 ufike nyumbani, pita. Endelea dakika 10 mpaka 15, zungukia huko juu, rudi i-stop ikiwa imeanza kufanya kazi tena. Hakuna tabia nyingine utakayoiongeza kwenye uendeshaji wako itakayookoa oili kama hii. Na usipaki juu ya majani makavu baada ya hapo.

Andika kilomita za kila unapohisi limejichoma. Kwenye injini yenye afya ni kama kila kilomita 200 hadi 300, kwenye foleni pungufu ya hapo. Likianza kujichoma kila baada ya kilomita 80 au 100, kuna kitu kinatengeneza masizi kupita kiasi au kuna sensa inayodanganya, na safari za Bagamoyo hazitatibu.

Anzia kwenye vitu vidogo. Kuna sensa ya tofauti ya mgandamizo wa DPF, yenye mipira miwili myembamba inayotoka kabla na baada ya chujio. Mpira ukipasuka au kuziba, kompyuta inasoma uongo. Kwenye mashine ya kupima, injini ikiwa na moto na iko sailensa, tofauti hiyo kwa kawaida haizidi kilopaskali 1 hivi. Ikiwa kubwa huku gari limetoka kujichoma sasa hivi, ndipo uanze kuwaza majivu.

Kisha kuna sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi ya kuingizia, lile bomba lenye matawi linalopeleka hewa kwenye silinda. Hii ndiyo ningependa uione kwa macho yako. Inashikiliwa na boliti moja. Chomoa soketi yake, fungua boliti, ivute taratibu ukiizungusha. Kwenye gari la safari fupi, pua ya sensa inatoka imevaa utando mweusi unaonata kama lami, na tundu lake dogo halionekani kabisa. Masizi yale ni moshi unaorudishwa na valvu ya EGR, umekutana na mvuke wa oili kutoka njia ya kupumulia, ukaganda. Kompyuta inayosoma kupitia tundu lililozibwa haijui kwa usahihi hewa iliyoingia, inakosea kipimo cha dizeli, masizi yanaongezeka, DPF inajaa haraka zaidi. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, acha itiririke, rudia mpaka itoke safi, kausha. Usitie sindano wala pini ndani ya tundu. Kuna kiwambo laini mle. Rudisha na oringi yake, uipake oili kidogo. Nusu saa imekwisha.

Ukichungulia kwenye shimo ilipotoka sensa utajua hali ya manifoldi nzima. Utando wa milimita moja au mbili, acha. Ukiwa mnene kiasi kwamba njia imebanwa, manifoldi ivuliwe, iloweshwe na kusuguliwa ikiwa mezani, na milango ya hewa kwenye kichwa cha injini isafishwe valvu zikiwa zimefungwa, silinda moja baada ya nyingine. Walio na vifaa hupuliza punje za maganda ya walnut, kwa sababu hazikwaruzi chuma. Gasketi mpya ni lazima. Kinachotakiwa kukataliwa ni dawa ya kupulizia kwenye mpira wa hewa injini ikiwa inanguruma: mabonge yanang'oka kwa pamoja, na njia iliyobaki ni kupitia kwenye valvu na tabo.

Nozeli nazo zina jambo moja. Kadiri zinavyozeeka kipimo chake kinasogea, na gari hili lina utaratibu wa kujifunza upya kiasi cha upulizaji, unaofanywa kwa mashine injini ikiwa na moto. Mwulize fundi kama mashine yake ina kipengele hicho kabla hujamkabidhi gari. Asiye nacho atakusomea kodi (namba za hitilafu) na kuzifuta, basi.

Kuhusu kukata DPF. Siungi mkono, na si kwa sababu ya hewa tu, ingawa yale masizi laini yataishia kwenye mapafu ya watu wa nyuma yako kwenye foleni ya Mwenge. Anayekata na kuchomelea bomba bila kugusa programu ya injini anakuachia gari linaloendelea kumwaga dizeli ya kuchomea chujio ambalo halipo, kwa hiyo oili inaendelea kupanda. Anayegusa programu anaweza kuigusa vibaya. Na katika hali zote mbili EGR, themostati na sensa chafu vimebaki kama vilivyokuwa. Kwa kilomita zako, DPF kujaa majivu ni jambo la mwisho kudhania. Ikibidi kuchoma kwa mashine gari likiwa limesimama, mpangilio ni huu: oili iwe kwenye kiwango, sensa ziwe safi, gari liwe nje kwenye sakafu ya zege, pasiwe na kitu kinachoungua karibu na bomba, kisha upime oili upya baadaye. Kama imebidi kurudia mara mbili au tatu, mwaga oili tena.

Upande wa mafuta, dizeli inayouzwa Japani haivuki sehemu 10 za salfa kwa milioni, na hayo ndiyo mafuta injini hii ilitengenezewa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanzia 2015 isizidi 50. Tofauti hiyo injini inaivumilia, ndiyo sababu nyingine ya kumwaga oili mapema, maana salfa inaleta asidi. Isichovumilia ni uchakachuaji. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayalainishi. Pampu yako inasukuma dizeli hadi mgandamizo wa baa 2,000, na kilainishi chake pekee ni hiyohiyo dizeli. Jaza kwenye kituo chenye foleni ya malori na daladala, mafuta hayalali pale. Mafuta ya madumu, usiyaguse. Wanaokushauri kutia petroli lita mbili "isafishe nozeli" wanakuharibia pampu.

Kwa mtu anayetembea kidogo, adui wa kweli kwenye tangi ni maji. Tangi lililo robo, kwenye unyevunyevu wa pwani, linatoa jasho kwa ndani usiku, maji yanakaa chini ya dizeli, na ukungu wa utelezi unaota mpakani mwake. Kaa juu ya nusu. Kila unapomwaga oili, fungua pia kiziba cha chini cha nyumba ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie dakika kumi: maji yatajitenga chini. Filta yenyewe ibadilishwe kila kilomita 20,000 au miaka miwili, na hewa itolewe kabla ya kupiga stata. Kupiga stata muda mrefu na filta kavu ni kuizungusha ile pampu bila kilainishi.

Asubuhi usiliache likinguruma dakika kumi lipate moto. Sailensa haitoi joto, inatoa masizi. Washa, vaa mkanda, ondoka polepole, usikanyage resi mpaka taa ya buluu izimike.

Na kama ukipiga hesabu unaona hata hiyo Jumapili moja kwa wiki huiwezi, basi jibu la kweli ni kuuza gari hili ukiwa umeshalisafisha, ununue CX-5 ya petroli ya lita 2.0. Kwa safari yako ya Mikocheni itakula mafuta zaidi kidogo, lakini kwa kilomita 400 kwa mwezi tofauti hiyo ni lita chache tu, na petroli haina chujio la kulisha kila wiki. Ukiamua kubaki na dizeli, pima oili kila Jumamosi asubuhi na uandike imefika wapi. Ikipanda tena nusu ya nafasi iliyo kati ya alama ya kujaa na X ndani ya mwezi mmoja huku safari zote umefanya, usingoje taa; peleka gari nozeli zipimwe kama kuna inayovuja.